Halafu ni Jumanne

"Anko, adui ni nani?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili. Tulikuwa tumekaa mezani kwao Homa Bay, Desemba iliyopita, na stima ilikuwa imepotea tangu saa moja. Mezani kulikuwa na taa ya sola, karatasi tano, penseli mbili na dadu nilizokuja nazo kutoka Nairobi. Nilikuwa nimewaahidi mchezo wa kuigiza wa mezani. Kila mtu anaunda mhusika wake na kumsemea. Mmoja wetu anaongoza, anaeleza kinachotokea. Pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Kijana alikuwa ameona watu YouTube wakicheza Dungeons & Dragons, kwa hivyo tayari alikuwa amemwandikia mhusika wake upanga, ngao na jina la kutisha.

"Hakuna adui," nikamwambia. "Mnaishi kwenye ufuo wa wavuvi. Leo ni Jumatatu. Dukani mna deni la mia nne, na mwenye duka amesema hawakopeshi tena mpaka mlipe."

"Halafu?"

"Halafu ni Jumanne."

Alinitazama kama mtu aliyenunua simu mtaani, akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni.

Mamake alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, anachambua omena. Huyu ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Hapo Homa Bay majirani wote wanamwita Nyar Sakwa, kwa sababu aliolewa kutoka kwetu Sakwa, upande wa Awendo, kaunti ya Migori. Alicheka bila kuinua kichwa.

"Hiyo si geimu mpya," akasema. "Hiyo ni kalongolongo."

Nimelibeba hilo neno tangu usiku huo. Nadhani alisema jambo la kweli kuhusu historia ya michezo hii kuliko mengi niliyosoma, na alikuwa na sababu yake ya kulijua.

*

Tuanze na ile historia ambayo huwa inaandikwa.

Michezo ya kuigiza mezani ilitoka vitani, na simaanishi kwa mafumbo. Mwaka wa 1812 Mprussia mmoja, Georg von Reisswitz, aliunda mchezo wa kufundishia vita. Mwanawe, ambaye alikuwa afisa wa jeshi, akauboresha, na mwaka wa 1824 jeshi la Prussia likaanza kuutumia. Ulikuwa na ramani, vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, na dadu. Ulikuwa pia na msimamizi ambaye hakuwa upande wowote: alisikiliza maagizo ya wachezaji, kisha akaamua kilichotokea. Huyo msimamizi ndiye babu wa kila mtu anayeongoza mchezo mezani leo.

Miaka 150 baadaye, mwaka wa 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons. Gygax aliishi Lake Geneva, Wisconsin, mji mdogo ulio kando ya ziwa kama Homa Bay. Walitoka kwenye kundi la watu waliopenda kupigana vita vya vikaragosi mezani, na walichobadilisha kilikuwa kidogo lakini kizito: badala ya kuongoza kikosi, kila mchezaji akaongoza mtu mmoja. Mtu ana jina. Mtu anaweza kuogopa, kupenda, kudai pesa zake. Mlango ulifunguka hapo.

Lakini vita havikutoka. Mhusika alikuwa mkubwa kwa kuua mazimwi na kukusanya dhahabu. Hata neno lenyewe lilibaki. Mfululizo wa vikao vya mchezo mmoja huitwa kampeni, neno la majenerali. (Sisi Kenya tukisikia kampeni tunawaza fulana za bure na pakiti ya unga. Hiyo pia ni vita, sawa, lakini ya aina nyingine.)

Ilichukua muda watu kuuliza: na kama hakuna anayeuawa? Japani walijibu mapema. Mwaka wa 2006 ulitoka Yuuyake Koyake wa Ryo Kamiya, ambamo wachezaji ni wanyama wanaoweza kujigeuza watu na kuwasaidia majirani wa mji wa mashambani na shida zao ndogondogo. Mwaka wa 2007 ukafuata Ryuutama, mchezo wa wasafiri wa kawaida, wakulima na wachuuzi, ambamo mvua na tope ni mambo ya kuhesabiwa kwa dadu. Mwaka wa 2013 Avery Alder alitoa The Quiet Year: jamii moja, ramani mnayoichora wenyewe, na karata 52, kila karata wiki moja ya mwaka. Mwaka wa 2021 ukaja Wanderhome wa Jay Dragon. Leo kuna watu chungu nzima wanaoendesha kampeni za maisha ya kila siku: kuoka mikate, kulea watoto, kukarabati boti, kugombana na jirani kisha kupatana.

Wanaviongelea kama uvumbuzi. Siwalaumu. Ukitokea Prussia, ni safari ndefu kufika jikoni.

*

Sisi tulianzia jikoni.

Kama ulikulia Kenya, sihitaji kukueleza kalongolongo. Kama hukukulia huku, ni ule mchezo ambao Tanzania wanauita wa baba na mama: watoto wanajenga nyumba isiyokuwepo na kuishi ndani yake mpaka mtu aitwe kuoga. Mimi niliucheza Sakwa, kwa dani, likizo za Agosti na Desemba mwishoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa tunatoka Nairobi tukiwa na viatu, na kufikia siku ya tatu hatujui viko wapi. Upepo ukigeuka, ulileta harufu nzito tamu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza mwaka wa 1979 na kuigeuza nchi nzima ile kuwa miwa.

Sufuria ilikuwa kopo la Blue Band. Ugali ulikuwa udongo, na mtu aliyekorofisha udongo kwa maji mengi aligombezwa kama amemwaga unga wa kweli. Mboga ilikuwa jani lolote lililokatwakatwa. Mtoto alikuwa gunzi la mahindi lenye nywele zake, limefungwa kwa kitambaa. Ng'ombe walikuwa wa udongo, wenye pembe ndefu kuliko za ng'ombe yeyote wa dani. Pesa zilikuwa majani, lakini si majani yoyote: mti uliochaguliwa asubuhi ndio uliokuwa Benki Kuu, na ukileta jani la mti mwingine umeshikwa na noti bandia.

Sikumbuki vita hata moja. Nakumbuka baba akienda Kisumu, yaani nyuma ya choo, na kurudi na mkate ambao ulikuwa tofali. Nakumbuka mwenye duka akikataa kukopesha. Nakumbuka mtoto akiugua, akipelekwa hospitali kwa matatu ya vijiti, na makanga akidai nauli ya mgonjwa pia.

Aliyeongoza kila siku alikuwa Nyar Sakwa, ingawa wakati huo hakuwa na jina hilo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, sisi wengine tulikuwa na saba, nane. Yeye ndiye alikuwa mama, na yeye ndiye aliamua kama mvua imenyesha. Hatukuwa na dadu. Jambo likiwa na utata tulimtazama, na yeye akafikiria kidogo, akasema: "Imenyesha, lakini paa linavuja. Mtalala wapi?"

Msimamizi wa Reisswitz hangefanya vizuri zaidi.

*

Kuna jambo sikuliona nikiwa mtoto. Tulikuwa na kanuni nyingi sana, na hatukuzitunga sisi.

Kabla ya kuanza, tulichora dala kwa majivu. Lango likawekwa kwanza. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ikatazama lango moja kwa moja. Nyumba ya nyachira, mke wa pili, ikakaa pembeni yake. Simba, nyumba ya kijana wa kiume, ikawa karibu na lango. Mtu akikosea, hata mtoto wa miaka sita alipiga kelele. Tulikuwa tunachora ubao wa mchezo uliokuwepo kabla yetu.

Dala la Mjaluo lilikuwa na kanuni zinazoitwa chik, na nyingi kati ya hizo zilikuwa kanuni za zamu. Msimu wa kupanda ukifika, mikayi ndiye alitangulia, na wengine wakafuata kwa mpangilio. Mdogo hakujenga kabla ya mkubwa. Mtu aliyehama kuanzisha dala lake hakuhama hivihivi: alitoka na mwanawe wa kwanza, shoka, jogoo na moto. Ukivunja chik, unakaribisha chira, ugonjwa wa kukonda na kunyauka unaoweza kushuka hata kwa watoto. Kwa hivyo kupanda mahindi siku ya Jumanne, jambo la kawaida kabisa, kulikuwa na hatari ndani yake. Nani alipanda kwanza? Swali hilo lingeweza kuua mtu, au angalau watu waliamini hivyo.

Mwaka wa 1938 chifu wa Karachuonyo, ambayo leo iko kaunti ya Homa Bay, alichapisha kitabu cha mambo haya kwa Kijaluo. Jina lake lilikuwa Paul Mboya, na pia alikuwa mchungaji wa Kiadventista. Kitabu kinaitwa Luo Kitgi gi Timbegi, yaani tabia na desturi za Wajaluo. Watu wamekitumia kutatua kesi za ardhi, ndoa na mazishi, na wasomi wamekichambua. Mimi nikikishika naona kitu kingine pia: kitabu cha kanuni za maisha ya kila siku, kimeandikwa na mtu aliyekuwa anaona wachezaji wakianza kusahau jinsi ya kucheza. Shule zilikuwa zimefika. Misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilikuwepo tangu 1906. Vijana walikuwa wanaenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Mtu haandiki kanuni ambazo kila mtu bado anazijua kichwani.

Na kabla ya kitabu kulikuwa na bibi. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, wameeleza habari za pim: mwanamke mzee aliyelea watoto wa dala katika nyumba iitwayo siwindhe. Watoto walilala huko, wakasikia hadithi, wakajua nani ni ndugu wa nani na nani hawezi kuoa wapi. Cohen alikuwa ametoa hoja mapema kidogo, mwaka wa 1985, kwamba historia ya jamii inaweza kuandikwa kutoka mlangoni kwa pim. Wafalme na vita haviko hapo mlangoni. Kuna chakula, usingizi, na mtoto anayeuliza maswali.

Sisi huwa tunatazama ukuta kwanza. Nenda Thimlich Ohinga, Migori, zile boma za mawe zilizopangwa bila tope wala saruji kuanzia karne ya 16, ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zinafika mita nne mahali pengine. Kila mgeni anauliza: walikuwa wanamwogopa nani? Ni swali zuri. Lakini ukishapita lango unakuta mabaki ya nyumba na mazizi. Ukuta ulijengwa ili mtu aweze kukamua ng'ombe asubuhi bila haraka. Kilichokuwa kinalindwa ni Jumanne.

*

Je, kuigiza maisha ya kawaida kunamfanya mtu kitu chochote? Oyugis, pia Homa Bay, kuna jibu nusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Kimarekani, Carol Ember, aliishi Oyugis akichunguza watoto wa Kijaluo. Aliona kwamba kuna wavulana waliokuwa wakifanya kazi ambazo kawaida zilikuwa za wasichana. Hakuna aliyekuwa ametangaza mapinduzi. Ni kwamba katika nyumba zao hapakuwa na msichana wa umri unaofaa, na maji lazima yachotwe. Ember alilinganisha tabia zao na za wavulana wengine, akachapisha matokeo mwaka wa 1973. Wavulana waliofanya kazi za kike, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa tofauti: ubabe ulipungua, na tabia yao ilisogea karibu na ya wasichana.

Hizo zilikuwa kazi za kweli, si mchezo. Lakini mimi nikisoma nawakumbuka wavulana wa kwetu. Nyar Sakwa alikuwa na sheria moja kali: kila mtu lazima awe mama angalau mara moja kwa likizo. Kaka yangu mkubwa alilia siku yake ilipofika. Alipewa gunzi na kopo, akaambiwa mtoto ana homa na baba yuko Kisumu. Ilimchukua kama dakika kumi kusahau kulia. Alianza kuhesabu majani yake, kumbembeleza gunzi, kumtukana baba aliye Kisumu. Akawa mama kweli, na mama mkali.

Mchezo wa kuua zimwi unakufundisha kuwa mtu ambaye hutakuwa kamwe. Kalongolongo ilikuwa inakufundisha kuwa mtu unayekaa naye nyumba moja.

*

Sasa niseme jambo ambalo nimekuwa nikizunguka.

Tulicheza pia matanga. Sikumbuki ni nani alianza. Gunzi lilikufa, tukalichimbia kaburi, mmoja akawa pasta, wengine wakalia kwa sauti ya juu kama tulivyosikia watu wazima wakilia. Kulikuwa na harambee ya jeneza. Kulikuwa na mjomba wa kutoka Nairobi aliyechelewa na akataka kuongea kwanza. Tulijua kila hatua. Kila Jumamosi ya likizo kulikuwa na mazishi mahali fulani, na wakati mwingine watu wazima walilazimika kugawana, huyu aende kwa hawa, yule kwa wale.

Watu waliuita ayaki. Wengine walisema ni chira, kwa sababu ulikonda na kunyauka vilevile, kwa hivyo lazima mtu fulani alipanda kabla ya zamu yake. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Nyanza Kusini haikuhitaji tangazo. Hata baada ya dawa kufika na miaka kupita, utafiti uliofanywa Ndhiwa mwaka wa 2012 bado ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Takwimu za serikali za 2014 ziliiweka Homa Bay juu ya kaunti zote kwa asilimia 25.7, na Migori kwa asilimia 14.7.

Baba mkubwa alifariki mwaka wa 1999. Mke wake alifuata Julai 2001. Miezi minne baadaye, Novemba 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay. Kutoka kwetu ni safari ya matatu mbili.

Nyar Sakwa alikuwa na miaka kumi na minne na wadogo watatu. Dani alikuwepo, lakini dani alikuwa amezika watoto na macho yake yalikuwa yamekwisha. Sisi Nairobi tulikuwa tunatuma pesa ya unga. Wakati mwingine hatukutuma. Nilikuwa mtoto, lakini nasema "sisi" kwa sababu viatu vyangu vilinunuliwa kwa pesa zilezile.

Desemba hiyo tulipofika, nilikimbia moja kwa moja nyuma ya jikoni mahali pa kalongolongo. Majivu ya kuchorea yalikuwepo. Nikamwita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, sufuria ya kweli, unga wa kweli, mdogo wake wa mwisho amemshika nguo.

"Enda ucheze na wengine," akasema. "Mimi napika."

Tulicheza. Hatua kumi kutoka kwake tulikoroga ugali wa udongo na kugombana nani ni mama. Sijawahi kusahau kwamba tulikuwa tunacheka.

*

Miaka mingi baadaye, Nairobi, nilijaribu kuendesha kampeni yangu ya kwanza ya maisha ya kila siku. Marafiki wanne, chumba kimoja Roysambu, chai na mandazi. Niliwatengenezea kijiji kizuri chenye mkahawa, kilima, na wanakijiji wapole. Hakuna deni, hakuna ugonjwa. Tulikutana mara tatu, ikafa. Kikao cha tatu mmoja alikuwa anaangalia simu na mwingine akauliza kama anaweza kuchoma mkahawa, angalau kitu kitokee.

Nilidhani kosa ni lao. Kosa lilikuwa langu. Nilichukulia kwamba maisha ya kawaida ni maisha yasiyo na hatari, kumbe ni maisha ambayo hatari yake ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni na kurudi kila siku. Watoto wa Sakwa hawangecheza mchezo wangu hata dakika tano. Wangeuliza: unga unatoka wapi?

Kwa hivyo ule wa Homa Bay niliujenga upya, nikiiba kutoka kwa watu niliowataja. Kwanza, saa inaendeshwa na ziwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa haupo, kwa hivyo mbalamwezi ikija pesa inakatika ufuoni na kila mtu anakuwa na hasira. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena umefungwa kisheria. Sihitaji zimwi, nina kalenda. Pili, kila mhusika ana mtu mmoja anayemtegemea na mtu mmoja anayemdai. Tatu, kuna nyoluoro, chama cha kuzungushiana pesa, na kila kikao mchezaji mmoja anapokea. Ukichelewesha mchango wako, unamchelewesha mtu mnayekaa naye meza moja, na inabidi umwambie ukimtazama usoni. Nne, dadu hairushwi kujua kama umeshinda. Inarushwa kujua itakugharimu nini.

Usiku ule wa kwanza kijana aligoma kidogo, kisha akafuta upanga akaandika taa ya kuvulia. Karani wa duka la jirani, aliyekuja kuchaji simu kwenye sola, akajikuta amekuwa mama wa watu wazima wawili. Kaka yangu mkubwa, yule aliyelia, alichagua kuwa bibi bila kuulizwa.

Kufikia saa nne mwezi wa mchezo ulikuwa umejaa na deni limefika mia tisa. Hapo ndipo Nyar Sakwa alisukuma kigoda chake akaja mezani, mikono bado inanuka omena.

"Nyaminwa, karibu," nikasema. "Tunahitaji mtu wa kusimamia nyumba." Kusema kweli nilikuwa namtega. Nilitaka kumwona tena akiamua kama mvua imenyesha.

"Nyumba nimesimamia," akajibu. "Niandikie mtoto. Wa miaka kumi."

"Mtoto anafanya nini?"

Akafikiria, vilevile kama zamani.

"Hafanyi kitu. Shule imefungwa. Anaenda ziwani kuangalia boti."

Mwanawe akacheka, "Mathe, hiyo haina pointi."

"Sawa. Haina."

Nikamwandikia. Zamu yake ilipofika nikamwelezea ufuo: nyavu zimeanikwa, omena wanang'aa, kuna mbwa amelala chini ya boti. Sikumpa deni. Ni mara moja tu nilivunja kanuni yangu. Kila mzunguko, wengine walihangaika na mchango na mafuta ya taa, na kila mzunguko yeye alisema mtoto bado yuko ziwani. Bibi, yaani kaka yangu, alianza kumpelekea uji huko. Kijana, mvuvi wetu, akampa kazi ya kushika taa, kisha akaghairi: "Wacha tu. Acheze."

Dadu haikurushwa hata mara moja kwa ajili ya mtoto huyo, na hakuna aliyeuliza adui ni nani.

Stima ilirudi karibu saa sita. Tukapepesa macho, tukaonana jinsi tulivyo, watu wazima na mtoto mmoja wa shule wamezunguka karatasi zenye mafuta. Nyar Sakwa akainuka kufunika omena paka asiwafikie. Akiwa ameshika mlango akageuka.

"Kesho tunaendelea?"

"Tunaendelea."

"Kwenye geimu kesho itakuwa siku gani?"

Nikaangalia karatasi. Jumanne.